Re: Polo 6R, springi za kushusha au koiliova?

Kutoka: Dogo wa Bochum

Shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo. Naomba ushauri maana huko YouTube kila mtu anasema lake na wengine wanaongea kama wanauza. Nina VW Polo 6R ya 2011, petroli 1.2, imetembea kilomita 130,000 na ushee, shokapu ni zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Nimepata rimu za inchi 17 kwa jamaa mmoja, sasa ukiiangalia kwa pembeni kati ya tairi na fenda ngumi inapita, inaniudhi kila nikiipaki. Mfukoni nina kama euro 600. Kuna springi za kushusha milimita 35 kwa kama 180, alafu nimeona koiliova (springi na shokapu pamoja, urefu unarekebishika) mtandaoni 260 tu, inashuka mpaka milimita 80 na ina rangi ya zambarau kali kinoma. Sa najiuliza, kwa nini nichukue springi wakati nikiongeza euro 80 tu napata kitu cha kupandisha na kushusha mwenyewe? Napita barabara kuu ya A40 kila siku kwenda ausbildung (mafunzo ya kazi), narudi usiku. Wataalamu semeni.

Kutoka: Fundi wa Hagen

Marahaba dogo. Kabla ya bei na rangi, hiyo koiliova ya 260 inakuja na karatasi gani? Anza hapo. Ujerumani hawakatazi kushusha gari, hawa ndo wenye mchezo wenyewe. Eibach wako Finnentrop, H&R wako Lennestadt, Bilstein wako Ennepetal hapa jirani yangu, springi na shokapu wanazofunga watu dunia nzima zinatoka kwenye hivi vilima vya huku kwetu. Ila kitu unachofunga kiwe na Teilegutachten, yaani karatasi inayosema hii bidhaa imepimwa kwa gari aina hii, uzito wa ekseli huu, tairi saizi hizi, kwa masharti haya na haya. Ukishafunga unaipeleka gari kwa kampuni za ukaguzi, TÜV au DEKRA au GTÜ au KÜS, mkaguzi akiridhika anakupa cheti, unatembea nacho kwenye gari na baadaye kinaingizwa kwenye Fahrzeugschein, kadi ya usajili wa gari. Usipofanya hivyo kibali cha gari kuwa barabarani kinaweza kufutika bila mtu kukuandikia barua, polisi wakikusimamisha ni faini na pengine pointi ya Flensburg (rekodi ya makosa ya madereva), na ukigonga mtu hapo ndo bima wanaanza maswali.

Na uwe macho, kuna wauzaji wanaandika kwa herufi kubwa "mit Gutachten" ukifungua unakuta ni Festigkeitsgutachten au Materialgutachten. Hiyo ni ripoti ya uimara wa chuma basi, haisemi chochote kuhusu Polo yako. Ukienda nayo unaambiwa Einzelabnahme ya kifungu cha 21, yaani gari yako inakaguliwa kivyake, ni gharama zaidi na mkaguzi ana haki ya kukukatalia.

Haya tofauti yenyewe. Springi za kushusha ni fupi na ngumu kuliko za kiwandani. Ugumu sio mapambo, umeshaipunguzia tairi safari ya kupanda juu kwa hizo 35, sasa springi ingebaki laini vilevile kila shimo gari ingepiga bamstopu, yaani mpira wa kuzuia mwisho wa safari ya shokapu. Tatizo linahamia kwenye shokapu, maana sasa inaishi ikiwa imezama, pale ambapo zamani ilikuwa inafika ukigonga shimo tu ndo pamekuwa nyumbani kwake, alafu inatakiwa izuie springi yenye nguvu zaidi ya ile iliyotengenezewa. Shokapu mpya inavumilia. Ya 130,000 itakuonyesha mambo, kwenye viungio vya madaraja ya A40 gari itakuwa inaruka juu na kurudi, juu na kurudi, na wewe utasema springi mbovu.

Koiliova ni springi na shokapu zilizokuja pamoja zikiwa zimepimiana, mwili wa shokapu umechongwa nyuzi kama za bolti, springi imekalia pete unayoizungusha. Ila kwenye Polo hiyo ni mbele tu! Ingia chini ya gari uangalie nyuma, ekseli ni boriti moja, springi imekaa kivyake na shokapu kivyake. Kwa hiyo hiyo "koiliova" ya nyuma ni springi fupi, kipande chenye nyuzi cha kurekebisha urefu, na shokapu fupi pembeni. Picha ya tangazo huwa wanaweka ya mbele.

Na hilo la kupandisha na kushusha mwenyewe. Karatasi inataja kutoka wapi mpaka wapi unaruhusiwa, mkaguzi anapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, namba inaandikwa. Ukiteremka chini ya hapo umeshatoka nje ya karatasi, ile 80 ya kwenye tangazo isahau. Pia kila ukizungusha pete za mbele alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) inahama na taa zinaangalia kwingine. Wengi ninaowafungia wanazungusha mara moja, wanaenda TÜV, pete haziguswi tena. Hela ya koiliova nzuri iko ndani ya shokapu, kwenye mafuta na vali. Ile ya 260, toa kodi asilimia 19, toa usafiri, toa faida ya muuzaji, kilichobaki gawanya kwa shokapu nne na springi nne, jibu unalo.

Mimi ningechukua springi za 30 mpaka 35 PAMOJA na shokapu fupi za kulingana nazo. Bilstein B8 imetengenezwa kwa ajili ya springi fupi, usinunue B6 kwa kukosea, hiyo ni ya springi za urefu wa kiwandani. Kuna B12 ambayo ni B8 na springi za Eibach ndani ya boksi moja. Itavuka kidogo bajeti yako, subiri mshahara.

Kutoka: Jamaa wa Koblenz

Fundi heshima yako ila hapa naomba nibishe kidogo. Umemlinganisha dogo koiliova ya 260 na B12, hiyo sio mechi ya haki. Linganisha na koiliova ya maana, mfano za kampuni ya ST au KW V1, uone. Mimi nina Suzuki Swift, nakaa karibu na Nürburgring, siku za watu wote kuingia na gari zao naenda Nordschleife, njia ya mbio ya pale, ile ni kilomita 20.8 na haifanani na barabara yoyote unayoijua, kuna sehemu gari inabanwa chini mpaka unahisi sakafu. Pale ndo unajua umuhimu wa kurekebisha. Sio urefu, urefu ni wa wauza sura. Narekebisha shokapu inavyobanwa na inavyorudi. KW wana V1 isiyo na kitufe chochote cha kurekebisha, V2 unarekebisha inavyorudi tu, V3 pande zote mbili. Kwenye springi na shokapu za kawaida hicho kitu huna. Pia kiangazi naiweka chini kidogo, baridi naipandisha, yote ndani ya namba za kwenye karatasi. Msiwatishe vijana.

Kutoka: Fundi wa Hagen

Hujabisha, umekubaliana na mimi kwa sauti kubwa 😄 Wewe una sababu, na V3 yako haikai kwenye euro 600, pengine hata ukizidisha mara mbili. Dogo anaenda ausbildung.

Na umegusa baridi, waambie basi habari ya chumvi. Huku Novemba mpaka Machi barabara zinamwagiwa chumvi, zile nyuzi ziko palepale nyuma ya tairi zinapigwa na hilo tope miezi yote. KW wanatumia chuma kisichoshika kutu ndo maana bei iko vile. Za chuma cha kupakwa zinki zinastahimili ukizitunza, zisugue kwa brashi ya nailoni, zipake nta kabla ya baridi kuanza. Za zambarau sijui wamepaka nini, nimeletewa gari pete zimegandana na mwili wa shokapu, spana imevunja meno ya pete na urefu umebaki palepale. Koiliova isiyozunguka ni springi ya bei kubwa.

Kutoka: Dada wa Stuttgart

Salaam jamani, nyie wanaume mnaongelea Nürburgring, mimi naongelea Tiefgarage, maegesho ya chini ya jengo letu. Fiesta yetu imeshushwa 30 kwa springi, aliifanya shemeji yenu kabla hatujapata watoto. Ikiwa na mimi peke yangu naingia vizuri. Nikiwa na watoto wawili na viti vyao, kigari cha mtoto kwenye buti na maboksi ya maji, pale mteremko unapokutana na sakafu tumbo linakwaruza, nimejifunza kuingia kimshazari pole pole na jirani nyuma anapiga honi. Kwa hiyo dogo usipime gari ikiwa tupu. Jaza washkaji watatu nyuma na mabegi ya harusi ndo ushike futi yako. Na kingo za barabara za hapa wakati wa kupaki kwa nyuma, bampa ya mbele haikuulizi una karatasi gani.

Kuendesha lakini sikatai, kwenye kona imetulia sana, haiyumbi kama zamani.

Kutoka: Mzee wa Birmingham

Asalaam aleikum wanangu. Huku Uingereza mambo ni kinyume, hakuna wa kukupa kibali cha springi, utafunga leo ukaondoka, na kwenye MOT, ukaguzi wa kila mwaka, wataangalia tu iwe salama, springi haikuvunjika, haichezi, tairi haisugui. Kinachonyonga huku ni bima. Kila ulichobadilisha uwaambie, na kampuni zingine ukisema koiliova hata bei hawakupi, ukisema springi wanaongeza kidogo. Ukinyamaza siku ya ajali ndipo utakapojua, wakigundua wana haki ya kukataa kulipa. Kijana wetu mmoja hapa alitoa koiliova akarudisha za kiwandani kwa ajili ya bima peke yake.

Jambo jengine, kuna wanaoshusha gari huku wakidhani miaka miwili mbele wataisafirisha Mombasa. Kenya gari lisizidi miaka 8 na usukani uwe kulia, basi gari la Ujerumani la usukani wa kushoto limeshatoka hapo hapo. Na hata ikipita, matuta ya nyumbani mwayajua. Springi za asili msizitupe, wekeni stoo.

Kutoka: Dogo wa Bochum

Asanteni sana wote, mzee shikamoo. Zambarau nimeifuta kwenye kikapu 😅 Nilikuwa sijui kabisa kwamba nyuma springi iko kivyake, nimetoka kwenda kuangalia na tochi, kweli. Swali, nikinunua springi na shokapu naweza kufunga mwenyewe? Hapa Bochum kuna ile karakana ya kukodi nafasi kwa saa, ina lifti na vifaa. Na rimu za 17 zitanisumbua TÜV?

Kutoka: Fundi wa Hagen

Nyuma fanya mwenyewe, ni rahisi. Ekseli inashushwa pole pole na jeki, springi inatoka kwa mkono, angalia tu usivute bomba la breki na waya za ABS.

Mbele usiifanye peke yako kama hujawahi. Springi ikiwa kwenye strati (shokapu ya mbele na springi yake) imebanwa na mzigo mkubwa, unaibana kwa kompresa ya springi ndo unafungua nati ya juu, kompresa ikiteleza inaondoka na kidole au meno. Karakana wakikupa ile kompresa ya skrubu mbili iliyolegea kataa, tumia ya ukutani. Alafu strati ya Polo imeingia kwenye shingo ya naklu (chuma kinachobeba gurudumu), unahitaji kile kifaa cha kupanua ule mkato, watu wanachomeka bisibisi na kugonga nyundo, acha. Ukiwa umeshafungua, badilisha na mpira wa juu na beringi yake, ni hela ndogo na kazi umeshaifanya. Bolti na nati nunua mpya, nyingi VW wanataka zisirudiwe.

Kitu ambacho hata gereji zingine wanaruka: bushi za mpira za mikono ya mbele na ya boriti ya nyuma, kama umezilegeza, usizikaze gari ikiwa inaning'inia kwenye lifti. Teremsha, gari ikae kwa uzito wake kwenye kimo kipya, hapo ndo ukaze. Ukikaza ikiwa juu, mpira unaishi umepindwa siku zote, unachanika mapema na gari haikai kwenye urefu wake, watu wanalaumu springi kwamba "zimegoma kushuka". Bamstopu pia, soma karatasi, zingine zinakatwa kwa kipimo walichoandika, sio kwa jicho. Endesha siku chache zikae, ndo uende alaimenti na kurekebisha taa, halafu TÜV.

Rimu ndo zitakazoleta maneno. Karatasi ya rimu mara nyingi imeandikwa kwa gari lenye kimo cha kiwandani, na karatasi ya springi kwa rimu za kiwandani, ukiunganisha vyote viwili mkaguzi lazima avitazame pamoja. Ataipandisha kwenye vibao kwa kona, tairi moja juu nyingine chini, aone kama inasugua fenda, na gari ikiinuliwa ataangalia springi isilegee kwenye kikalio chake. Kwa hiyo usiende mara mbili, funga vyote uende nazo siku moja na karatasi zote mbili zilizochapwa, sio kwenye simu. Mpigie mkaguzi kabla, umwonyeshe, wengi hawana shida ukiwauliza mapema.

Kabla hujalipa chochote toa Fahrzeugschein, niandikie namba za 2.1 na 2.2, hizo ndo zinatambulisha gari lako, na 8.1 na 8.2 ambazo ni mzigo unaoruhusiwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Springi za Polo ya dizeli na za 1.2 mara nyingi sio moja, mashine ni nzito tofauti, ukichukua za dizeli pua itabaki juu na mkaguzi atakurudisha. Funika jina na adresi usije ukatupia picha nzima humu. Na niambie rimu zina offset gani, yaani umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu, iko nyuma ya rimu imeandikwa ET na namba.

Kutoka: Dogo wa Bochum

Sawa mkubwa, nikirudi kazini nazitoa natuma. ET nimeiona moja, 38, zingine zina matope sijasoma bado.