Skrubu ya meno ya binti yangu inacheza, nifanyeje?

MamaUyole: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu ana miaka 17, amefungwa waya za meno Dar sababu meno ya juu yamejitokeza. Aling'olewa mawili, na wiki 5 zilizopita daktari akamkita skrubu ndogo kwenye fizi, katikati ya mizizi, ya kuvutia meno ya mbele yarudi ndani. Jana akipiga mswaki ananiambia, "Mama, inacheza." Nimeigusa, kweli. Maumivu hana. Baba yake anataka kuikaza na bisibisi ya saa! Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, nauli ya watu wawili. Na kwa nini wasingevutia kwenye gego tu?

Nyundo wa Mafinga: Mzee aweke bisibisi chini. Mimi seremala, meno siyajui, ila tundu la skrubu likishatanuka utazungusha hadi asubuhi.

KinywaWazi: Fundi kagonga penyewe. Nipo kliniki ya meno Iringa. Skrubu hiyo ya titani ina urefu wa milimita 6 hadi 12, lakini kazi kubwa inafanywa na ganda gumu la nje la mfupa, lenye milimita 1 au 2 tu. Ndani ni kama sponji. Haisubiriwi iungane na mfupa kama jino la kupandikiza. Inashika kwa kubanwa tu. Wiki za mwanzo mfupa unajijenga upya pembeni yake, ndipo nyingi hulegea. Kati ya 100, kama 13 hivi hushindwa, hata kwa daktari mzuri.

Kuhusu gego: umewahi kuona gari lililozama tope la Tukuyu likivutwa na gari jepesi? Yanafuatana yote mawili. Gego lingekuja mbele na kuziba nafasi mliyoilipia.

Nyundo wa Mafinga: Basi taya la chini, lenye mfupa mgumu, ndilo linashika zaidi?

KinywaWazi: Ungedhani hivyo, ila za chini hulegea zaidi. Mfupa mgumu ukikazwa mno unapata joto na nyufa ndogo, halafu unalika.

Nyundo wa Mafinga: Aah, mninga bila kutoboa kwanza.

KinywaWazi: Hapo hapo. Mama, piga simu kliniki leo. Uliza kama mtoe mpira unaovuta, maana skrubu iliyolegea haifai kubeba mzigo. Asiichezee kwa ulimi. Ikitoka, msiirudishe.

MamaUyole: Nimepiga. Mpira tumetoa, tunaondoka Ijumaa. Daktari atakita nyingine, pembeni kidogo. Kama ya pili inalipiwa, nimesahau kuuliza.