Naomba ushauri: mdogo wangu kaitwa jeshini, mama hataki

Shalom wapendwa. Sisi ni Wamennonite wa Mara tangu enzi za babu, na kwetu kutobeba silaha ni mafundisho. Sasa mdogo wangu kaitwa kwenye usaili wa JWTZ, mama kagoma kumpa nauli. Anamsomea Mathayo 26:52, waushikao upanga wataangamia kwa upanga. Dogo naye kajibu kwa Luka 3:14: askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasidhulumu na watosheke na mshahara (mama alinuna!). Na Kornelio je, yule akida wa jeshi la Kirumi aliyebatizwa katika Matendo 10? Mimi naona dogo ana hoja, ila Warumi 13, inayosema mtawala hauchukui upanga bure, isigeuzwe kibali cha kila risasi. Mchungaji anakwepa. Nimpe nauli kimyakimya? Usaili ni Jumatatu.