Ikiwa kila tendo lina chanzo chake, tunamlaumu mtu kwa haki gani?

Msomaji wa Iringa aliuliza:

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma habari za kesi ya Nathan Leopold na Richard Loeb, vijana wa familia tajiri za Chicago ambao mnamo Mei 1924 walimuua Bobby Franks, mtoto wa miaka 14, kwa sababu tu walitaka kuthibitisha kwamba wanaweza kutenda uhalifu usiogundulika. Wakili wao, Clarence Darrow, hakudai kwamba hawakuua. Aliwashauri wakiri kosa ili hukumu ibaki mikononi mwa jaji peke yake, kisha akasimama mahakamani kwa muda wa saa kumi na mbili hivi, zilizogawanywa katika siku kadhaa, akieleza kwamba vijana wale walifinyangwa na urithi, malezi na vitabu walivyosoma. Alifika hata kusema kwamba si haki kumnyonga kijana wa miaka 19 kwa falsafa aliyofundishwa chuo kikuu.

Hoja hiyo ikiwa ni sahihi, basi ni sahihi kwa kila mtu, akiwemo mwizi wa mifugo, mlarushwa na jaji mwenyewe aliyeketi kuwahukumu. Mimi sikuchagua wazazi wangu, wala kijiji nilichokulia, wala ubongo niliozaliwa nao. Tabia yangu imetokana na hayo, na maamuzi yangu yanatokana na tabia yangu. Hiari inaingilia wapi? Na kama haina pa kuingilia, lawama inasimama juu ya nini? Naomba nisijibiwe kwamba bila adhabu jamii itavurugika, kwa maana hiyo ni faida ya kulaumu, nami nauliza uhalali wake.

Binti Mtwapa alijibu:

Nadhani jibu limekwisha kutolewa na wataalamu wa ubongo. Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake wa San Francisco walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu waliombwa wakunje mkono wakati wowote watakaojisikia, huku wakitazama nukta inayozunguka kwenye uso wa saa ili waseme ni lini hasa waliona wametaka kufanya hivyo. Umeme wa ubongo ulianza kupanda takribani milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea, ilhali mtu mwenyewe alitambua nia yake milisekunde 200 tu kabla. Ubongo ulikwisha anza safari kabla ya mwenyewe kupata habari, kwa hiyo hiari ni hisia inayokuja nyuma ya tendo.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Binti yangu, jaribio hilo linabebeshwa mzigo usiolifaa. Libet mwenyewe aliamini kwamba baada ya nia kutambulika mtu bado ana nafasi ya kulizuia tendo. Isitoshe, mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba kupanda kule kwa umeme kunaweza kuelezwa kama mabadiliko ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka bila mpangilio, ambayo yanaonekana kama maandalizi kwa sababu tu tunayapima kuanzia mkono ulipokwisha sogea na kurudi nyuma. Tena kukunja kiganja bila sababu yoyote si jambo ambalo mtu hulaumiwa. Mtu hulaumiwa kwa mambo aliyoyafikiria, na vijana wale wa Chicago walipanga mauaji yao kwa miezi kadhaa.

Sasa nirudi kwa muulizaji. Unachukulia kwamba kitu chenye chanzo ni kitu kilicholazimishwa, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alikwisha lieleza hili katika karne ya 18: kinyume cha uhuru ni shuruti, si kuwa na sababu. Mfikirie mtunza fedha wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku moja anafungua kasha lenye kufuli tatu na kutoa fedha zote kwa sababu amewekewa panga shingoni. Siku nyingine anazitoa kwa sababu amepiga hesabu kwamba hadi wanachama wagawane mwisho wa mwaka atakuwa amehama mji. Matendo yote mawili yana chanzo, lakini hakuna mwanachama atakayeshindwa kuyatofautisha. Katika lile la pili, chanzo ni yeye mwenyewe: tamaa yake, hesabu yake, na dharau yake kwa watu waliomwamini.

Mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliongeza jambo mwaka 1969 ambalo mpaka leo halijatulia. Tuchukulie kuna mtu anayemvizia mtunza fedha huyo, tayari kumlazimisha aibe iwapo atasitasita, lakini mwenyewe akaiba bila kusita na mviziaji hakuinua mkono. Hakuwa na njia nyingine, na bado tunamlaumu, kwa haki kabisa. Kwa hiyo kule kusema "hangeweza kutenda vinginevyo" hakutoshi kumwondolea mtu lawama.

Ustadh wa Pwani alijibu:

Assalamu alaikum. Mabishano haya yalikuwamo katika Uislamu tangu karne za mwanzo: kundi la Jabriya lilisema mja hana uwezo wowote, kundi la Muutazila likasema mja huumba matendo yake mwenyewe, na mwanatheolojia Abul Hassan al-Ash'ari akasema Mwenyezi Mungu ndiye muumba wa tendo, naye mja ndiye anayelichuma, yaani analifanya kuwa lake. Sitaki kuirefusha mada ya kadari, bali nataka muone kwamba wanafikihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, hawakungoja wanatheolojia wamalize kubishana. Waliuliza ni nani mukallafu, yaani mtu anayewajibika mbele ya sheria, na wakashika Hadithi isemayo kwamba kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Hiyo haikuwa njia ya kulikimbia swali, kwa sababu ilitaja kile ambacho mtu lazima awe nacho kabla hajaandikiwa dhambi.

Msomaji wa Iringa aliandika:

Shikamoo Mwalimu, na shukrani kwako Ustadh. Nakubali kwamba sababu si shuruti. Lakini Mwalimu anaposema chanzo ni mtunza fedha mwenyewe, bado nauliza huyo mwenyewe alitoka wapi. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisha akikosea tunamlaumu kana kwamba alijilea. Hata akili anayoitaja Ustadh, ile ya kusikia sababu njema, mtu aliipata kwa bahati, au aliikosa kwa bahati.

Wakili wa Arusha alijibu:

Hapo umeigusa sehemu ngumu, na naamini ni lazima tukupe nusu ya unachodai. Katika lawama kuna mambo mawili yaliyochanganywa. Moja ni kumtaka mtu ajibu kwa alichotenda, akisimame mbele, akieleze, akilipe panapolipika. Hilo linahitaji tu mtu mwenye akili ya kuelewa swali na kuguswa na jibu, bila kujali akili hiyo aliipataje. La pili ni kusema kwamba anastahili kuteseka kwa ajili ya mateso yenyewe, hata kama hayatamfaa yeye wala yeyote mwingine. Hilo la pili ndilo hoja yako ya mnyororo wa sababu inalolikata, nami sijaona hoja ya kuliokoa.

Jaji John Caverly, aliyeisikiliza kesi ya vijana wale wa Chicago, hakuikubali falsafa ya Darrow. Aliwanusuru vijana wale na kitanzi kwa sababu ya umri wao, akawapa kifungo cha maisha kwa kuua na miaka 99 kwa utekaji. Hoja inayomwondolea lawama kila binadamu haiwezi kumsaidia jaji kupima mshtakiwa mmoja, ila historia ya mshtakiwa huyo inaweza. Ndiyo maana nauheshimu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu, uliosema kwamba adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha katiba, kwa kuwa inamzuia jaji kusikiliza lolote kuhusu maisha ya aliyetiwa hatiani. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa Arusha, iliikuta Tanzania na kasoro hiyohiyo katika shauri la Ally Rajabu. Adhabu hiyo ya lazima inamchukulia muuaji kana kwamba alijiumba mwenyewe.

Loeb aliuawa gerezani mwaka 1936. Leopold aliachiwa kwa masharti mwaka 1958, akahamia Puerto Rico na kufanya kazi hospitalini. Darrow angesema mazingira mapya yalimfanya mtu mpya, na huenda ni kweli, lakini mabadiliko hayo yalipitia kwa mtu ambaye bado aliweza kuulizwa kwa nini aliua. Kwa hiyo nakuomba utujibu, ndugu yangu: ukimwondolea Leopold lawama yote ya mwaka 1924, utakuwa na msingi gani wa kumsifu kwa chochote chema alichokifanya baada ya 1958?