Paka mzee anakula sana na anakonda: vidonge, chakula maalumu, upasuaji au iodini ya mionzi?

BintiChumbageni
Habari zenu wapendwa. Nina paka jike, Kashata, ana miaka 14. Tangu Ramadhani iliyopita anakonda, na wakati huohuo anakula kuliko alivyowahi kula. Mwaka jana mizani ya kliniki ilisoma kilo 4.6, sasa ni 3.2. Akimaliza bakuli lake anahamia la mwenzake, kisha anakuja jikoni kudai tena. Usiku anazunguka nyumba nzima akilia kwa sauti nzito ambayo sikuizoea kwake. Manyoya ya mgongoni yameshikana mabonge, maji anakunywa mno, na kutapika hakuishi. Dawa ya minyoo alishapewa, hali ni ileile.

Daktari alimpapasa shingo akahisi kauvimbe, anashuku tezi ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Damu imechukuliwa, nasubiri majibu. Nimetajiwa njia nne za tiba na zote ni ngeni kwangu. Mliopitia, nisaidieni kuzilinganisha. Nyumbani wananiambia ni uzee, nimwache. Siwezi kukaa namwangalia anaisha hivi.

Mtondoo
Pole sana dada. Usikubali hilo la uzee. Paka mzee hupunguza mwendo na hulala zaidi. Huyu wako hatulii, ana njaa isiyoshiba na nyama inamtoka mwilini. Huo ni ugonjwa, na una tiba. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo, alipoanza vidonge alirudisha mwili akatulia usiku.

DaktariWaWanyama_Moro
Dada Binti, pole. Tuanze na vipimo, maana bila hivyo ulinganisho wote unakuwa wa kubahatisha.

Ugonjwa huu kwa paka ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1979, na leo ndio ugonjwa wa homoni unaoonekana sana kwa paka waliovuka miaka 10. Mara nyingi mno uvimbe wenyewe si saratani. Saratani ni chini ya paka 3 kati ya 100. Madhara yanatokana na homoni iliyozidi: mwili unaunguza chakula chote, moyo unakimbia, misuli inaliwa.

Majibu yakija hakikisha hayana T4 peke yake, yaani homoni ya thairoidi kwenye damu. Unahitaji kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huichuja) na mkojo kwa ajili ya figo, vimeng'enya vya ini, na sukari, kwa sababu kisukari nacho humfanya paka ale, anywe maji na akonde. Omba apimwe presha pia. Ikipanda sana huweza kubandua retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na paka aliyekuwa anaona asubuhi akawa kipofu jioni. Kama damu ilipelekwa maabara ya hospitali ya watu, ulizia wamesoma kwa viwango vipi: T4 ya paka ina mipaka yake, na kipimo cha TSH (homoni inayoiamuru thairoidi) cha binadamu hakisomi TSH ya paka kabisa.

Sasa figo, ambazo ndizo zinazoamua uanzie wapi. Homoni ikizidi, damu hupita kwenye figo kwa nguvu, na paka aliyekonda misuli hutoa kreatinini kidogo. Kwenye karatasi figo zinaonekana nzima. Ukishaituliza tezi, ugonjwa wa figo uliokuwa umejificha unajitokeza. Kwa hiyo mimi huanza na vidonge karibu kila mara. Dozi unaweza kuipunguza au kuisimamisha, lakini tezi iliyokatwa au kuunguzwa kwa mionzi hairudi. Figo zikionekana kuhimili, hapo ndipo tunazungumza tiba ya kudumu.

Mswahili_Leicester
Namuunga mkono daktari. Wangu alitibiwa kwa iodini ya mionzi huku Uingereza, baada ya kukaa kwenye vidonge kwanza ili figo ziangaliwe. Ni sindano moja chini ya ngozi, hakuna nusu kaputi. Iodini inakwenda yenyewe kwenye tezi na kuua sehemu iliyozidi, zile chembe nzima zilizolala, zisizofanya kazi kwa sasa, inaziacha. Paka takriban 95 kati ya 100 hupona kwa dozi moja.

Ugumu wake ni gharama na upweke. Paka hubaki amefungiwa hospitalini hadi mionzi ishuke, maana nguvu ya iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8, na huruhusiwi kumtembelea. Hata akirudi nyumbani kuna muda wa kutompakata na wa kushughulikia mchanga wa choo chake kwa glavu. Kwa anayeweza, naiweka ya kwanza. Ila paka mwenye figo mbovu au moyo uliochoka nisingemtia kwenye safari hiyo.

FundiMajengo
Mimi nilichagua upasuaji na sijutii, paka alipona na hakuna kidonge cha kila siku. Tafuteni tu daktari aliyewahi kuufanya. Pembeni ya thairoidi kuna vitezi vidogo sana vinavyolinda kalsiamu mwilini. Vikiguswa, kalsiamu inashuka na paka anaanza kutetemeka misuli, hata degedege. Wetu alibaki kliniki anapimwa kalsiamu kila siku kabla hawajaturuhusu.

DaktariWaWanyama_Moro
Ni kweli, na niongeze: katika paka kama 7 kati ya 10 tezi zote mbili zimeathirika, hata kama mkono unahisi upande mmoja. Ukitoa moja tu, ya pili huweza kuendeleza ugonjwa. Halafu nusu kaputi kwa moyo unaokimbia ni hatari, hivyo hata mwenye kwenda kukatwa hutulizwa kwa vidonge kwanza.

BiTatu_Unguja
Hicho chakula maalumu kina iodini kidogo sana, na tezi haiwezi kutengeneza homoni bila iodini. Kinafanya kazi. Lakini sharti lake ni kwamba paka asile kingine chochote, hata kipande. Paka wa pwani anayelishwa dagaa, vichwa vya changu na mabaki ya sahani za watu utamzuiaje? Samaki wa baharini ana iodini tele, kitonge kimoja kinaharibu kazi. Na wewe una paka wawili. Kwa paka mmoja anayeishi ndani ya fleti sawa, kwa nyumba zetu za uani sikushauri.

Mtondoo
Kuhusu vidonge, changamoto ni kumeza. Vichungu. Mimi nilikuwa nakificha ndani ya kijipande cha kuku na kumpa cha pili haraka kabla hajakitafuna cha kwanza. Kuna pia jeli ya kupaka upande wa ndani wa sikio, nzuri kwa paka mkali, ila uvae glavu maana inapenya hata ngozi ya mtu.

BintiChumbageni
Asanteni mno. Majibu yamekuja: T4 iko juu sana ya mpaka wa paka, sukari na ini viko sawa, kreatinini imegusa mpaka wa juu. Presha imepanda kiasi, atapimwa tena. BiTatu umenisoma, hapa kwetu dagaa haikosekani, hivyo chakula maalumu nakiacha. Naanza vidonge. Daktari wangu ametaja kabimazoli ya duka la dawa la watu. Ni salama?

DaktariWaWanyama_Moro
Ni salama kwa dozi ya paka. Kabimazoli ikiingia mwilini hugeuka kuwa methimazoli, dawa inayoizuia tezi kutengeneza homoni, kwa hiyo kazi ni ileile, ila miligramu zake hazilingani, kwa hiyo usichukue dozi ya moja ukaitumia kwa nyingine. Methimazoli kwa kawaida huanzia miligramu 1.25 hadi 2.5 mara mbili kwa siku. Ya kabimazoli akupangie daktari wako. Kwa kreatinini hiyo mwombe aanze chini na apande polepole. Usikisage kidonge, na mwenye mimba nyumbani asikishike bila glavu.

Rudia T4 na figo baada ya wiki 2 hadi 4. Mpime uzito kila wiki: panda mizani umempakata, kisha peke yako, utoe tofauti. Madhara mengi hujitokeza miezi 3 ya mwanzo. Kutapika kidogo au kupoteza hamu ya kula mara nyingi hutulia dozi ikipunguzwa. Lakini akianza kujikuna uso na shingo hadi damu, fizi au macho yakiwa ya manjano, au akikataa chakula kabisa na kuzubaa, simamisha dawa siku hiyohiyo umpeleke kliniki apimwe damu na ini.