Louvre milioni nane, Ngomeni je? Mwenyeji aingie bure au alipe?

Mkaazi wa Kuze

Assalaam aleikum wanabaraza. Kijana wangu alikuja na swali la shule: jumba gani la sanaa linaingiwa na watu wengi zaidi duniani? Jibu linajulikana, Louvre ya Paris. Tukakaa na simu tukatafuta hesabu. Mwaka 2018 waliingia watu milioni 10.2, ndiyo rekodi yao. Korona ikaja, 2020 wakashuka hadi milioni 2.7. Mwaka 2024 walikuwa wamesharudi milioni 8.7. Makumbusho ya Vatikani mwaka huo yalipata kama milioni 6.8, British Museum ya London milioni 6.5. Kijana akaandika, akafunga daftari, kisha akaniuliza: "Na weye baba, Fort Jesus umeingia mara ngapi?"

Mara mbili. Nimezaliwa Kuze, hapa Mombasa, nikitoka kwetu na kikombe cha kahawa nafika Ngomeni hakijapoa. Mara ya kwanza nilipelekwa na shule. Ya pili ilikuwa harusi ya dada yangu, walipokuja jamaa wa Maskati wakataka kutembezwa. Ngome yenyewe Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, UNESCO imeiandika urithi wa dunia tangu 2011, nami nikipita pale ninachotafuta ni kivuli cha ukuta jua lisinipige.

Ndipo nikawaza. London pale mlangoni hulipi kitu, uwe mgeni au mwenyeji. Hoja yangu ni hii: Mkenya aingie Fort Jesus bure, au tuanze na mkaazi wa Mombasa peke yake. Najua mwananchi hutozwa kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Lakini kidogo mara sita, mie na mama watoto na wanne wetu, si kidogo tena. Hiyo ni pesa ya samaki wa siku mbili. Haya, semeni.

Hesabu Kwanza

Wa aleikum salaam. Ami, bure haipo, kuna kulipiwa. British Museum inatiwa fungu na serikali yao kila mwaka, maana yake Mwingereza ameshalipa kwenye kodi kabla hajafika mlangoni. Yale majumba ya taifa yaliyokuwa yakitoza kule yalifunguliwa bure Desemba 2001 kwa sababu hazina ilikubali kuubeba mzigo. Hapa nani abebe?

Na msitaje London mkairuka New York. Met, jumba kubwa la sanaa la kule, walikuwa na mtindo wa toa ulicho nacho: bei imeandikwa ukutani, lakini hukushikwa shati. Mwaka 2004 waliolipa bei kamili walikuwa 63 katika kila 100. Kufika 2017 wamebaki 17. Machi 2018 wakauondoa mtindo huo kwa wageni, wakawaachia wakaazi wa jimbo lao na wanafunzi wa majimbo mawili ya jirani. Sisi hatuhitaji kwenda Marekani kulijua hili, daftari la mchango wa harusi lishatufundisha.

Tena ngome ile ni jiwe la matumbawe lililokaa juu ya bahari. Chumvi inakula, wimbi linakula, na fundi wa chokaa ataka ujira wake. Ukiondoa tikiti, sema na ukuta utalishwa nini.

Mkaazi wa Kuze

Hapo kwa Met umenisaidia bila kutaka. Si umesema wenyewe wa jimbo wameachiwa? Basi ndilo ninaloomba.

Hesabu Kwanza

Wale wana matajiri wanaomwaga mamilioni ili jina lao lichongwe juu ya ukumbi. Sisi tuna nani, mwenye duka la halua?

Mto Tana

Mie natoka Garsen, kazi yangu iko bandarini hapa. Naona mnaisifu London kwa kuacha mlango wazi. Nina ugomvi na hizo milioni 6.5.

Wapokomo tuna ngoma yetu, ngadji. Si ngoma ya arusi. Ni ngoma takatifu, nzito ya kubebwa na watu kadhaa, ikilia watu wanajua wameitwa. Maafisa wa kikoloni waliichukua mwanzoni mwa karne iliyopita, na tangu 1908 imo mikononi mwa British Museum. Msidhani imewekwa ukumbini penye taa na maelezo. Imo stoo. Wazee wa kwetu walikwenda wakaoneshwa, wakarudi mikono mitupu. Basi wapite milioni sita, wapite sitini, hakuna anayeiona. Kwetu nako si kila mtu aliruhusiwa kuiona, ilikuwa ya kusikika. Sasa haionekani wala haisikiki.

Jirani zenu Wamijikenda waulizeni habari za vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliokufa. Viwili vilivyoibwa kwa familia moja huko Kilifi vilikutwa Marekani, vikarudi 2007. Jumba jingine, la Denver, likarudisha thelathini mwaka 2019. Na watafiti wetu na wenzao wa Ujerumani walipokaa kuhesabu vitu vya Kenya vilivyo nje, walipata zaidi ya 32,000 katika majumba 30 tu. Majumba 30! Ulaya na Marekani yako maelfu.

Kwa hiyo mie tikiti hainisumbui. Nataka kwanza kujua ndani ninakwenda kuona nini, na kilichotakiwa kuwa mle kiko wapi.

Hesabu Kwanza

Hilo ni mada nyingine, ndugu yangu, ingawa nakuunga mkono.

Mto Tana

Si nyingine. Mtu hatoi pesa ya samaki kwenda kutazama kabati ambalo vya kwao havimo.

Baharia Mstaafu

Nimewasoma tangu asubuhi, sasa niacheni nami niseme, maana humu naona ni mie peke yangu niliyeingia hiyo Louvre. Ilikuwa mwaka huohuo wa rekodi, 2018. Meli ilifunga Le Havre, tukapewa siku moja ya mapumziko. Wenzangu walikwenda wanakokujua wenyewe, mie nikapanda treni hadi Paris.

Nikapanga foleni, nikalipa, nikafuata umati. Huna haja ya kuuliza njia, unasukumwa tu mpaka unafika. Chumba kikubwa, na mbele ukutani picha moja nyuma ya kioo. Mona Lisa. Sentimita 77 kwa 53, mfano wa sinia ya pilau, basi. Na watu! Feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, geti likifunguliwa. Simu zote juu. Aliye nyuma haioni picha, anaiona simu ya aliye mbele, na ndani ya simu ndimo kuna picha. Walinzi kazi yao ni moja, songa, songa. Nilipata kama nusu dakika, na katika hiyo nusu dakika kibibi mmoja akanikanyaga.

Nikageuka ili nitoke, ndipo nikauona ukuta wa pili. Kuna mchoro wa karamu ya arusi, wa Mtaliano anaitwa Veronese. Karibu mita saba kwenda juu, upana karibu mita kumi. Wapigaji wamekaa katikati na vyombo vyao, mbwa wako chini, watumishi wanamimina, kuna mpaka watu wanaochungulia kutoka juu ghorofani. Unaweza kukaa nao nusu siku. Lakini chumba kizima kimeupa mgongo. Nilisimama mbele yake peke yangu, na arusi nzima ikanitazama.

Sasa hizo milioni mnazozihusudu ndizo hizo. Lile lango la piramidi ya kioo, alilobuni I. M. Pei likafunguliwa 1989, lilipangiwa watu kama milioni nne kwa mwaka. Leo wanazuia wasipite 30,000 kwa siku, na bado. Juni 2025 wafanyakazi wenyewe waligoma ghafla kwa kuelemewa na umati, milango ikafungwa watu wamesimama juani na tikiti zao mkononi. Oktoba 19 mwaka huohuo wezi wakaingia mchana kweupe, wakachukua vito vya kifalme kwa dakika chache wakaondoka na pikipiki. Vichwa vingi si macho mengi, jama.

Na bei. Tangu Januari 2026 asiyetoka nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya analipa yuro 32, Mzungu wao analipa 22. Hiyo yetu ni karibu shilingi elfu tano. Vyama vya wafanyakazi kule vimelalamika, vikasema ni ubaguzi. Wallahi nilicheka peke yangu barazani. Sisi tunamtoza mgeni zaidi ya mwenyeji miaka nenda miaka rudi, Mfaransa ndo kwanza anajifunza.

Mie Fort Jesus naingia. Kuna yale machoro waliyochora askari wa Kireno kwenye plasta, kwa makaa na udongo mwekundu. Merikebu tele. Nimekuwa chomboni miaka thelathini, nakwambieni aliyechora zile tanga alikuwa na hamu ya kwao. Huwa nasimama pale hata saa nzima na hakuna anayeniambia songa. Mkifanya bure mtanijazia. Kwa hiyo mie kura yangu ni tikiti ibaki, na sababu yangu ni ya ubinafsi, sifichi.

Mkaazi wa Kuze

Mzee wangu, na kila ukiingia walipa?

Baharia Mstaafu

Nalipa. Tena nikimaliza nanunua dafu kwa yule mwanamke anayeuza nje, ili siku iwe imekamilika.

Hesabu Kwanza

Mwekeni huyu sanamu.

Ummu Wawili

Nyote mnazungumza pesa kama kwamba pesa ndiyo iliyotuzuia. Mamangu ana miaka zaidi ya themanini, amezaliwa Mji wa Kale, na ile ngome hajaingia hata siku moja. Bure au elfu moja, haingii. Mumsahau?

Mnajua kwa nini? Ile ilikuwa jela. Waingereza waliifanya jela 1895 na ikabaki jela mpaka 1958. Makumbusho imefunguliwa 1962. Mamangu akiwa mtoto akipita pale na nyanyake walikuwa wanavuka upande wa pili wa barabara, na nyanyake anasoma kimoyomoyo mpaka wapite. Babake mdogo alilala mle, kosa lake hajapata kutuambia. Kwa wazee wa rika lake neno "Ngomeni" halina mizinga wala Wareno. Lina minyororo. Halafu weye unamwambia karibu bibi, leo hakuna kiingilio. Hiyo kwake ni karaha. Jela nani amewahi kulipia kuingia?

Ndiyo maana naona swali la Kuze limeanzia mlango usio wake. Wale milioni 10.2 wa Louvre, kiasi cha robo tatu walikuwa wageni. Hata Paris kwenyewe anayejaza ukumbi si mwenyeji wa mtaa wa pili. Mwenyeji anataka sababu na anataka wakati. Mume wangu hutoka kazini magharibi, na saa hizo lango limeshafungwa. Kuna jambo moja la Louvre ningeliiba: Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi hufungua jioni, kuanzia saa kumi na mbili, bure, isipokuwa Julai na Agosti. Basi nasi tupewe usiku wa Ramadhani, baada ya taraweh. Mji wote uko macho, watoto wako nje, watu wanazunguka kutoka viazi karai mpaka kwenye kahawa hawana pa kwenda mpaka daku. Fungueni ule uwanja wa ndani, tandikeni mikeka, mzee mmoja ahadithie merikebu ya Kireno San Antonio de Tanna ilivyozama pale chini 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waarabu wa Omani. Watu watajaa bila mtu kutangaza neno "bure".

Hesabu Kwanza

Dada, hilo limenigonga. Lakini taa za usiku atalipa nani?

Ummu Wawili

Weye, kwa ule mchango wa harusi hukuutoa.

Mtembeza Wageni

Nyinyi mnaongea, mie niko pale langoni miaka kumi na minne. Siku ya meli ya watalii nakuambieni watu wanashuka mabasi kwa mabasi. Kwenye daftari siku hiyo inang'ara. Lakini dakika arobaini wamemaliza: mizinga, picha, mizinga tena, picha na bahari nyuma, choo, basi. Ukumbi wa Waomani, wenye zile aya zilizochongwa kwenye boriti, mtu anachungulia mlangoni anasema zuri, anageuka. Kisha huja siku kavu, wanaingia watu kumi, mmoja wao mwanafunzi na kalamu yake, anakaa hapo mpaka namwambia tunafunga. Daftari linamhesabu mmoja sawa na yule wa choo.

Mie kutozwa au kutotozwa kwa mwenyeji hakunipunguzii riziki, maana mwenyeji hatembezwi, anasema anapajua. Hapajui. Juzi kijana wa Bondeni aliniuliza kama kweli kuna pango la kutokea Zanzibar.

Ummu Wawili, mlete mama. Jumamosi saa tatu asubuhi jua halijawa kali. Nitamtembeza mwenyewe, pole pole, simtozi hata senti. Lakini tikiti mtaikata nyinyi, hilo si langu.

Mkaazi wa Kuze

Tikiti ya mama naitoa mie. Isiwe hoja yangu imemzuia.

Hesabu Kwanza

Andikeni tarehe, Kuze ametoa pesa ya samaki.

Ummu Wawili

Nimemsomea yote, amesikiliza na tasbihi mkononi. Kwanza alikataa. Baada ya isha akaniita, akauliza kama watu wakishaingia ule mlango mkubwa hufungwa.

Mtembeza Wageni

Mwambie haufungwi. Nitasimama hapo mwenyewe.