Je, mfadhili aamue kinachotundikwa makumbusho?

Muulizaji: Ndugu wadau, mwaka 1999 Meya wa New York, Rudolph Giuliani, alitishia kuinyima Makumbusho ya Brooklyn fedha za jiji kwa sababu ya mchoro wa Chris Ofili, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, uliomwonyesha Bikira Maria akiwa mwanamke mweusi mwenye titi lililotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Je, alikuwa na haki?

Mdau wa sheria: Mahakama ya shirikisho ilimzuia. Serikali hailazimiki kufadhili sanaa, lakini ikishaanza kufadhili haiwezi kutumia fedha hizo kuiadhibu taasisi kwa maoni yaliyomo katika kazi inazoonyesha.

Muumini: Mimi ni Mkatoliki, na kilichoniudhi si kinyesi bali vipande vya picha za magazeti ya ngono vilivyobandikwa kumzunguka Maria. Hata hivyo, nisingependa meya, ambaye kazi yake ni taka na barabara, anichagulie cha kutazama.

Mpenda sanaa: Ofili naye alilelewa Kikatoliki, jambo ambalo wakosoaji hulipita haraka. Mchoro ulikingwa kwa kioo cha plastiki, lakini Desemba 1999 mtazamaji mmoja alipenya nyuma yake akaupaka rangi nyeupe.