Kiwanda cha maziwa kimefungwa kwa karatasi moja getini. Ng'ombe nao tuwafunge?

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kiwanda kilichokuwa kikinunua maziwa yetu, huku Nyanda za Juu Kusini, kimefungwa, na taarifa pekee tuliyopewa wafugaji ni karatasi iliyobandikwa getini, isiyo na jina la aliyeitia saini wala tarehe ya kutulipa maziwa ya mwezi na nusu tuliyokwisha kupeleka. Walioisoma kwanza ni vijana wa bodaboda waliofika alfajiri na keni zao, wakageuza pikipiki na kuturudishia maziwa yakiwa bado na uvuguvugu.

Aliyeandika karatasi ile ajue kwamba mtambo huzimwa kwa swichi, lakini ng'ombe hazimwi. Ng'ombe wa maziwa hubeba mimba miezi tisa, na akishazaa hukamuliwa takriban miezi kumi, kwa hiyo maziwa ninayomwaga leo niliyapanga zaidi ya mwaka mmoja uliopita, nilipomlipa mtaalamu wa uhimilishaji, yaani wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume bila dume mwenyewe, kwa kuamini maneno ya kiwanda hicho hicho kwamba kingechukua kila lita. Nikiacha kumkamua ghafla, kiwele kinajaa na anaweza kuugua. Nikimpunguzia pumba na mashudu, anakonda na kuchelewa kushika mimba, ilhali wengi wetu tulipewa mitamba, yaani ng'ombe jike ambao hawajazaa, kwa mkopo ambao hulipwa kwa mtamba atakayezaliwa.

Wapo wanaotushauri tuwauzie wachuuzi. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, na yasipopozwa mapema hadi karibu nyuzi 4 huanza kuharibika, nalo tangi la kupozea pekee katika kata yetu limo ndani ya geti lile lenye kufuli. Mchuuzi analijua hilo vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana hafiki asubuhi. Anafika saa tano, wakati maziwa yameanza kutia shaka, anataja nusu ya bei ya zamani, na anayapata. Ya jioni hayana mnunuzi kabisa. Tumegandisha mtindi mpaka watoto wanaukimbia, na kwa kweli sijamwona aliyenufaika na jambo hili isipokuwa nguruwe wa jirani yangu.

Msiofuga huenda mkadhani hasara inaishia zizini. Mahindi na viazi huleta fedha mara moja kwa msimu, lakini maziwa yalitulipa kila baada ya wiki mbili, na katika nyumba nyingi fedha hiyo ilikuwa mikononi mwa akina mama, ambao ndio waliolipa ada, chumvi na mafuta ya taa. Mwenye duka la pembejeo alikuwa akitukopesha dawa ya kuogeshea, kisha anakatiwa chake kiwandani siku ya malipo. Sasa hakopeshi, wala simlaumu, ila kupe hawasubiri, na ndigana kali, ugonjwa wanaouleta kupe hao, ikiingia zizini itamaliza kile ambacho kiwanda kimekibakiza.

Kila mwaka, kuelekea tarehe 1 Juni, tunasikia hotuba za Wiki ya Maziwa zikituhimiza kunywa maziwa na kutukumbusha kwamba Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika. Ni kweli, lakini wingi wa ng'ombe bila mahali pa kupeleka maziwa ni wingi wa gharama tu. Majirani zetu wa Kenya waliionja adha hii KCC, kampuni yao kubwa ya maziwa iliyoanzishwa 1925, ilipoporomoka, hadi serikali yao ilipoirejesha mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Mimi hata sidai serikali inunue kiwanda chetu. Nadai tulipwe maziwa yetu, na tangi lile, ambalo tulilichangia kwa makato ya kila lita kwa miaka mitatu, likabidhiwe ushirika wetu wakati wenye kiwanda wakiendelea na mahesabu yao.

Meneja hapokei simu, na mlinzi anasema hana ufunguo. Kama yupo humu ambaye ushirika wake uliwahi kudai mali iliyobaki ndani ya kiwanda kilichofungwa, naomba aeleze walianzia ofisi gani na walitakiwa kupeleka nyaraka zipi, kwa sababu stakabadhi za makato tunazo, zote, na tumekwisha kuzipanga kwa tarehe.